Mizani ya Ukuta

Ukitaka kujua kama fremu za ukutani zimepangwa na mtu aliyefikiri, usizitazame fremu zenyewe. Tazama kanda tupu zilizobaki kati ya fremu na fremu, kati ya fremu na pembe ya chumba, kati ya fremu na mlango. Zikiwa sawa, ukuta wote husomeka kama kitu kimoja. Zikipishana, hapa vidole vinne, pale shibiri nzima, basi fremu ziwe za bei yoyote, ukuta utaonekana umebandikwa vitu.

Urembo huu wa fremu tupu, zinazochora mistatili ukutani, umeenea sasa kwenye sebule mpya za mijini, na mazungumzo yake karibu yote ni ya vifaa na bei: jipsamu au mbao, rangi gani, mita ngapi, fundi anataka kiasi gani. Umbo halizungumzwi. Hapa nataka kulisoma umbo, kwa sababu ukuta wenye fremu una sarufi yake, na sarufi hiyo inavunjwa kila siku na watu wenye nia njema na futi mkononi.

Tuanzie chini. Ukuta wa namna hii, ukiwa kamili, una skatini inayogusa sakafu, kisha fremu fupi, kisha mkanda wa mlalo unaopita karibu na usawa wa mgongo wa kiti, kisha fremu ndefu, na juu kabisa kornishi inayoufunga ukuta na dari. Mpangilio huu haukubuniwa kwa ajili ya ukuta. Ni nguzo ya Kirumi iliyobanwa ikawa bapa. Sehemu iliyo chini ya mkanda ni kitako cha nguzo, ukuta wa juu ni mwili wake, na kornishi ni ule mzigo ambao nguzo huubeba kichwani. Ndiyo maana ukuta uliopangwa vizuri unaonekana kusimama, na uliopangwa vibaya unaonekana kuning'inia, hata kama anayetazama hajawahi kusikia habari za Roma.

Mwaka 1732 msanifu James Gibbs alichapisha London kitabu cha kanuni za kuchora sehemu za majengo, na sifa yake kubwa ilikuwa kuwaondolea mafundi hesabu ngumu. Gawa kimo chote mafungu matano, alielekeza, na fungu la chini liwe kitako. Manne yaliyobaki yagawe upya: matano kwa nguzo za Kitaskani na Kidoriki, sita kwa za Kiioniki, Kikorintho na Kompositi. Fungu la juu kabisa ndilo mzigo wa kichwani. Fundi mwenye bikari na kamba aliweza kufanya kazi hiyo bila kujua desimali. Chukua chumba cha futi 12, yaani sentimeta 366 hivi. Fungu moja kati ya matano ni sentimeta 73. Mkanda unaokaa kwenye 73 unapita nyuma ya kiti, unamwachia mtu aliyesimama ukuta mrefu mbele ya macho yake, na nguzo iliyofichwa inapata mwili.

Linganisha na kanuni inayotembea leo: weka mkanda kwenye theluthi ya ukuta. Ni rahisi kukumbuka, na ni mbaya. Katika chumba kile cha sentimeta 366, theluthi ni 122, kifuani mwa mtu mzima. Hapo mkanda unaacha kuwa kichwa cha kitako, unakuwa uzio. Katika chumba cha kawaida cha siku hizi, chenye sentimeta 280, theluthi ni 93. Kochi la kawaida lina mgongo wa sentimeta 85 hivi. Kwa hiyo mkanda utachungulia juu ya mgongo wa kochi kwa sentimeta nane, na kila anayeingia atauona ule mchirizi mwembamba uliokosa pa kukaa. Zaidi ya hapo, sehemu ya chini ikinenepa hivyo, ya juu hukosa urefu wa kuizidi kwa kishindo. Jicho haliwezi kuamua ipi ni mwili na ipi ni kitako, na dari inashuka.

Wala sisemi Gibbs achukuliwe kama msahafu. Kwa sentimeta 280 kanuni yake inatoa 56, ambayo ni chini ya mkono wa kochi, na mkanda ukikaa hapo utafikiriwa kuwa skatini iliyokua kupita kiasi. Vyumba vyake vilikuwa virefu kuliko vyetu, na kanuni ya uwiano haikijali kimo cha binadamu, ambacho hakipungui kwa sababu dari imepungua. Hukumu yangu kwa chumba cha sentimeta 280 ni kati ya 70 na 78, yaani robo ya ukuta au juu yake kidogo. Nitatumia 75 katika mfano unaofuata.

Ukuta wa kochi, basi. Urefu wake ni sentimeta 420, kimo 280. Skatini ni sentimeta 10, kornishi inashuka sentimeta nane, mkanda wa kiti una unene wa sentimeta tano na unaanzia kwenye 75. Mafundi wengi huanza kwa kuuliza: fremu ziwe na upana gani? Hapo ndipo kazi inapoharibika. Swali la kwanza ni ukanda mtupu uwe na upana gani, kwa sababu ukanda ndio utakaokwenda chumba kizima, ukipita kwenye kuta zisizolingana, ukizunguka milango na madirisha. Fremu huishia pembeni mwa ukuta wake. Ukanda hauishii popote. Tuseme sentimeta 10, kidogo zaidi ya upana wa vidole vinne. Ukishauweka, fremu hujipima zenyewe: toa kanda zote, kilichobaki gawa.

Fremu nne zina kanda tano, hivyo 420 kutoa 50 ni 370, kila fremu 92.5. Hesabu imekubali, umbo limekataa. Idadi ya jozi huweka ukanda mtupu katikati kabisa ya ukuta, mahali ambapo kila mwenye nyumba anataka kutundika picha, na picha hiyo italala juu ya mistari miwili kama mtu aliyekalia mpaka wa mashamba mawili. Fremu tatu zina kanda nne: 380 kugawa kwa tatu ni 126.7. Katikati pako salama, lakini fremu ya upana huo juu ya mkanda wa kiti, yenye kimo cha 172, inakaribia mraba na kupoteza wima wake. Tano zina kanda sita: 420 kutoa 60 ni 360, na kila fremu inapata 72 kamili. Kimo chake cha juu ni 172, kutoka juu ya mkanda hadi chini ya kornishi ukishatoa kanda mbili. Fremu ya 72 kwa 172 imesimama. Chini ya mkanda, kati ya 10 na 75, baada ya kanda mbili inabaki 45, hivyo fremu za chini ni 72 kwa 45 na zimelala. Zilizolala zinabeba zilizosimama, na hiyo ndiyo nguzo iliyotajwa mwanzo, sasa imerudi bila mtu kuichora.

Msomaji wa ushairi wetu atalipokea jambo hili haraka kuliko msomaji wa vitabu vya usanifu. Mshororo wa mizani kumi na sita hukatwa katikati, nane ukwapi, nane utao, na ile nafasi nyeupe kati ya vipande viwili ni sehemu ya umbo. Kama beti zimepangwa vema, nafasi hiyo hushuka kutoka mshororo hadi mshororo ikiwa wima, na jicho huiona kabla ya kusoma neno hata moja. Lakini mshairi hasawazishi urefu wa maneno. Neno la silabi mbili hukaa ubavuni mwa la silabi tano, na hakuna anayelalamika, maadamu mizani imetimia na kina kimeangukia mahali pake. Ukuta nao una uhuru uleule. Weka ukanda uwe mmoja, kisha waache wakubwa na wadogo wakae pamoja.

Uhuru huo unahitajika mara tu ukigeukia ukuta wa pili, ule wenye mlango. Sentimeta 60 kutoka pembe ya kushoto hadi kwenye mwimo, mlango na mbao zake 100, kisha 260 hadi pembe ya kulia. Anayeshikilia fremu za 72 kila mahali atabanwa: kulia zitaingia tatu, lakini kanda zitakuwa 11 badala ya 10, na kushoto hazitaingia kabisa, kwa hiyo kipande hicho kitaachwa kitupu kama shavu lililonyolewa nusu. Anayeshikilia ukanda hana shida. Kulia, 260 kutoa 40 ni 220, fremu tatu za 73.3, na hakuna jicho litakaloona tofauti ya sentimeta moja na theluthi kati ya kuta mbili. Kushoto, 60 kutoa 20 ni fremu moja ya 40, nyembamba, ndefu, na nzuri kuliko zote chumbani. Fremu nyembamba kando ya mlango ni kipande cha umbo kinachodharauliwa mno. Kinaupa mlango uzito.

Ukuta wa televisheni ni mtihani mwingine, na ndio unaofeliwa zaidi. Televisheni ya inchi 55 ina upana wa karibu sentimeta 123. Ukiitundika juu ya fremu za 72 itazikata tatu, na mistari itachungulia pande zote nne. Mwenye akili huanza katikati: fremu moja ya 140, na kando yake fremu nne za 55, mbili kila upande, kwa sababu 360 kutoa 140 ni 220. Kanda ni zilezile sita, sentimeta 10 zilezile. Ukuta huu haufanani na wa kochi hata kidogo, lakini unaongea lugha yake. Hata mzee asiyejua lolote kuhusu hesabu hii ataketi pale na kuhisi chumba kimetulia.

Sasa niondoke kwenye nguzo ya Kirumi, maana ukuta uliopambwa haukuanzia London wala hauna lazima ya kupita huko. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 kuna ukuta uliopangwa kwa fikra tofauti kabisa, na uko karibu nasi: makumbusho ya Lamu yana nyumba moja iliyorejeshwa, ndani ya mji ambao tangu 2001 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko haziruhusu upana unaozidi mita tatu hivi. Unatoka kiwandani, yaani uani, unapita kumbi mbili, msana wa tini na msana wa yuu, hadi ndani, na kadiri unavyoingia ndivyo mwanga unavyopungua. Huko ndani, ukuta wa nyuma umejaa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zimechongwa katika lipu ya chokaa, zimetenganishwa na kuta nyembamba za lipu hiyohiyo. Humo ziliwekwa kaure za Kichina na vitu vingine vya thamani vya nyumba.

Hapo hapana kitako, mwili wala mzigo wa kichwani. Zidaka hazisimami mithili ya nguzo. Zinajipanga kama safu za waumini, kila mmoja kwenye nafasi yake, na umbo zima linatokana na kurudiwa kwa nafasi hiyo. Na tazama tofauti iliyo kubwa zaidi: fremu ya leo huzungushia utupu mstari kisha huuacha, kidaka huuchimba utupu na kuupa kazi. Kimoja kinachora kina, kingine kinacho. Ndiyo sababu ukuta wa zidaka unaweza kuwa mweupe juu ya weupe, bila rangi ya pili, na bado ukasomeka kutoka upande wa pili wa chumba. Mwanga unatoka kiwandani, na kila kidaka kinaukusanya kwa namna yake.

Hata hivyo, fremu na zidaka zina tabia moja ya pamoja, na kwangu ndiyo muhimu. Katika zidaka kile kinachofanana chumba kizima ni ule ukuta mwembamba kati ya shimo na shimo. Mafundi wa Lamu na Gibbs wangegombana juu ya karibu kila jambo, ila wangeafikiana kwamba kinachotenganisha ndicho kinachounganisha.

Kivuli ndicho malighafi ya kweli ya kazi hii, na fremu ya jipsamu ina kivuli kichache cha kutumia. Kwa kawaida hutokeza sentimeta mbili hivi kutoka ukutani. Taa moja katikati ya dari itazipa pande za mlalo za fremu kivuli kizuri chini yake na kuzinyima zile za wima. Dirisha la ubavuni litafanya kinyume. Kabla ya kuchagua nakshi ya fremu, kaa chumbani saa kumi jioni, kisha urudi taa zikiwa zimewashwa. Umbo lililobinuka hupokea mwanga taratibu na kutoa mstari laini, lililobonyea hushika giza, na ukingo mkavu wa mraba hukata kama wembe. Katika nyumba za pwani, zenye jua la pembeni na rangi zinazokaribia nyeupe, nakshi nyembamba yenye ukingo mmoja mkavu inatosha. Yenye majani na maua huonekana vumbi tu kutoka mita tatu.

Na dhahabu? Watu wanaipenda, wanapaka fremu rangi ya dhahabu juu ya ukuta wa maziwa, na ninaelewa walikoitoa. Katika jumba la Hôtel de Soubise jijini Paris, Germain Boffrand alipamba saluni ya bibi wa jumba hilo katika miaka ya 1730 kwa nakshi za dhahabu juu ya nyeupe, na chumba chenyewe ni cha duara la yai, mistari inapanda na kujipinda hadi huwezi kusema ukuta umeishia wapi na dari imeanzia wapi. Dhahabu ile ilitengenezwa kwa ajili ya mwanga wa mishumaa. Moto ukitikisika, nakshi inatikisika nao. Chini ya taa ya umeme isiyotikisika, dhahabu haifanyi kazi yoyote ila kuua kivuli: badala ya kina unapata mstari wa rangi. Fremu na ukuta vipakwe rangi moja, na kivuli kiachiwe kazi.

Yamebaki ya mkononi, ambayo wakosoaji huyaruka na mafundi huyalipia. Fremu hupimwa kwa ukingo wa nje. Ile ya 72, ikiwa na unene wa sentimeta nne, ina 64 tu kwa ndani baada ya kukatwa pembe za nyuzi 45, na anayechanganya vipimo hivi viwili atapoteza mti mzima. Ikiwa miti inauzwa ya mita 2.4, kila mmoja unatoa kipande cha 172 na kimoja cha 45, au vipande vitatu vya 72. Ukuta wetu wa kochi unahitaji kumi vya 172, kumi vya 45 na ishirini vya 72, kwa hiyo miti 17. Hesabu ya mita peke yake, 36.1, ingekudanganya kwamba miti 16 inatosha. Ongeza wa akiba.

Kuta haziko sawa. Pima chini, katikati na juu. Ukikuta 420 chini na 417 juu, usibadilishe fremu: zile sentimeta tatu zigawanye kwenye kanda sita za safu ya juu, nusu sentimeta kila mmoja, na zitapotea. Mkanda wa kiti ufuate pima maji, au mpira wa maji kama chumba ni kirefu, usifuate sakafu wala dari. Dari ikiwa imepinda, kosa lake lifichwe kwenye ukanda ulio chini ya kornishi, mbali na macho. Soketi na swichi zichorwe kwanza. Swichi iliyo sentimeta 120 kutoka sakafuni na karibu na mlango mara nyingi inaangukia pale hasa fremu inapopita, na fundi atakata fremu ili aipishe. Mkatalie. Ama swichi isogezwe kabla ya lipu ya mwisho, ama fremu ianze mbali zaidi kwa ukuta huo wote.

Kisha, kabla msumeno haujaguswa, bandika tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi, ukifuata vipimo vyote, na uiache usiku mmoja. Hutapata hakimu bora kwa bei hiyo.

Fundi anayelipwa kwa mita hatakuambia uache ukuta. Nakuambia mimi: ukuta wenye dirisha pana na pazia zito tayari una mistari yake ya wima, kutoka dari hadi sakafu, na fremu hapo ni kelele. Weka skatini na kornishi, lipa kuta tatu, wa nne uuache.